Maswali na Majibu: Umchukue Aliye Bora au Unayemhitaji?

Drafti ya NBA, usiku ambao timu za ligi ya kikapu ya Marekani huchagua vijana wapya kwa zamu, ikikaribia, barua nyingi zinazonifikia huuliza jambo lilelile: tumchukue nani? Leo najibu sita. Nyingine nimezijibu kwa ufupi kwa sababu jibu lenyewe ni fupi.

Kaka, timu yangu ina zamu ya pili. Wote wanasema aliye bora baada ya yule wa kwanza ni pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, lakini pointi gadi tunaye, tena kijana. Tusichokuwa nacho ni senta, yule mrefu wa kucheza chini ya kikapu. Si afadhali tuchukue senta?

Hapana, ndugu yangu. Kwenye zamu nne au tano za mwanzo mimi sihesabu mapengo ya kikosi. Timu inayochagua ya pili kwa kawaida ni timu mbovu, na wengi unaowaona uwanjani leo hawatakuwapo miaka mitatu ijayo. Kijana wa raundi ya kwanza anasaini mkataba wa miaka minne, miwili ya uhakika na miwili timu ikiamua kumbakiza. Maana yake unamchagua kwa ajili ya kikosi ambacho bado hakijaundwa.

Mfano wa Portland mwaka 1984 kila mtu anaujua. Walikuwa na Clyde Drexler, wakaona mtu mwingine wa nafasi yake hawamhitaji, wakamchukua senta Sam Bowie na kumwachia Chicago Michael Jordan. Ila mimi napenda mfano wa Sacramento, kwa sababu timu hiyo hiyo imejaribu njia zote mbili.

Mwaka 2018 walikuwa na zamu ya pili kama wewe. Pointi gadi walikuwa naye, De'Aaron Fox, waliyemchukua mwaka mmoja kabla. Luka Doncic alikuwa mezani, kijana wa miaka 19 aliyetoka kutwaa EuroLeague, mashindano ya klabu za Ulaya, na Real Madrid, na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo ikiwa yake. Wakamruka, wakamchukua Marvin Bagley, mtu mrefu wa kucheza karibu na kikapu. Februari 2022 Bagley alikuwa ameshauzwa Detroit. Doncic mwaka 2024 aliipeleka Dallas fainali.

Sasa tazama mwaka 2020. Fox bado yupo, zamu ni ya 12, na aliyeporomoka hadi hapo ni Tyrese Haliburton, pointi gadi mwingine. Safari hii walimchukua. Walicheza pamoja mwaka mmoja na nusu hivi, kisha Februari 2022 Haliburton akapelekwa Indiana na akaja Domantas Sabonis. Msimu uliofuata Sacramento wakarudi kwenye mtoano, mara ya kwanza tangu 2006. Unaweza kubisha kwamba Indiana ndio waliofaidi zaidi, na sitakupinga sana, maana Haliburton amewafikisha fainali ya 2025. Lakini ona jambo lenyewe: mchezaji wa ziada mwenye kipaji ni fedha mkononi, unaweza kumbadilisha kwa unachokitaka. Senta wa wastani uliyemchukua kuziba pengo, akishindwa, hakuna anayempigia simu.

San Antonio wanalijua hilo. Mwaka 2025 walikuwa na Fox huyo huyo, aliyekuwa amehamia kwao, walikuwa na Stephon Castle aliyetoka kushinda tuzo ya chipukizi bora, na bado kwenye zamu ya pili wakamchukua Dylan Harper, gadi wa tatu. Hakuna aliyelia.

Kuna hali moja tu ninayokubali mtu achague kwa hitaji. Ni pale ambapo wawili wako sawa kabisa kwenye orodha yako, na orodha hiyo uliiandika kabla hujajua zamu yako ni ya ngapi. Ukiiandika baada ya kujua, utashangaa jinsi senta atakavyopanda ghafla.

Mzee, drafti ikifika Hasheem Thabeet lazima achekwe. Kweli Memphis walikuwa vipofu mwaka 2009?

Kwanza tuwe waungwana: yule ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na hakujichagua mwenyewe. Blake Griffin alikwenda wa kwanza, Thabeet wa pili, James Harden wa tatu, na Stephen Curry alisubiri hadi zamu ya saba. Minnesota walikuwa na zamu ya tano na ya sita, wakachukua magadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Curry. Kwa hiyo Memphis wana wenzao.

Waliona nini? Mtu wa sentimita 221 aliyetajwa mara mbili kuwa mlinzi bora wa Big East, kanda ya michezo ya vyuo, akiwa chuo cha Connecticut. Hilo si jambo dogo. Ila Februari ya mwaka huo Connecticut walicheza na Pittsburgh, na aliyempokea Thabeet pale chini alikuwa DeJuan Blair, mfupi kwake kwa sentimita 20 hivi lakini mpana kama mlango. Waligombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, mikono ikanasa, Blair akajigeuza, na Thabeet akapita juu ya bega lake akaanguka sakafuni. Blair alimaliza mechi na pointi 22 na ribaundi 23. Skauti aliyekuwa na daftari usiku ule alikuwa na la kuandika: urefu upo, miguu ya kuushikilia urefu huo bado haipo.

Hapa hata kanuni niliyotoa juu haiwaokoi Memphis. Pengo hawakuliangalia, maana senta walikuwa naye, Marc Gasol. Waliposema wanachukua kipaji, walikuwa wamepima kimo. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha wakamteremsha ligi ya maendeleo, ligi ndogo iliyo chini ya NBA, na miaka ile hakuna aliyekuwa ameteremshwa akiwa amechaguliwa juu kiasi hicho.

Kocha, ukiruhusiwa kuangalia takwimu moja tu ya kijana wa chuo, ungeangalia ipi?

Mitupo huru, ile anayopewa mtu akichezewa faulo. Asilimia ya mitupo ya pointi tatu ya msimu mmoja wa chuo inadanganya, kwa sababu mitupo ni michache na wiki mbili za bahati zinaibadilisha. Mtupo huru haubadiliki: umbali uleule, hakuna anayekuzuia, unaona mkono wenyewe.

Markelle Fultz akiwa chuo cha Washington alifunga pointi tatu kwa zaidi ya asilimia 41, na kila mtu akaandika kwamba ni mfungaji. Kwenye mstari wa mitupo huru alikuwa chini ya asilimia 65. Philadelphia walipanda hadi zamu ya kwanza mwaka 2017 ili wampate. Baadaye madaktari walikuta tatizo la neva begani, kwa hiyo sitasema namba ile ilitabiri yote, lakini ilikuwa swali ambalo wengi walilipita haraka.

Takwimu ya kutupa kapuni ni ile ya kunyanyua vyuma. Mwaka 2007 Kevin Durant, aliyekuja kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi, alishindwa kunyanyua kilo 84 hata mara moja kwenye vipimo, na kuna watu wazima waliolijadili hilo kwa uso mkavu.

Kijana tunayemtaka ana historia ya kuumia mguu. Madaktari wanasema atapona. Tujasiri?

Inategemea kiungo gani, na timu yako ina subira kiasi gani. Portland mwaka 2007 walimchukua Greg Oden mbele ya Durant, na magoti yakamwachia mechi 82 tu akiwa na jezi yao. Philadelphia mwaka 2014 walimchukua Joel Embiid wa tatu akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika, akakaa nje misimu miwili mizima, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Tofauti moja ilikuwa Philadelphia wenyewe: walikuwa wamekubali kupoteza mechi, hakuna aliyemharakisha.

Blair niliyemtaja juu alishuka hadi zamu ya 37 kwa sababu ya magoti, kano za ndani ya goti hazikuwapo kabisa. San Antonio wakamchukua na akaanza kucheza msimu uleule. Kwenye zamu ya 37 ningejasiri bila kulala nikiwaza. Kwenye zamu ya pili ningemwomba daktari aniambie ni nini kitatokea akiumia tena pale pale, maana swali la kama atapona kila daktari wa timu hulijibu kwa matumaini.

Je, kupoteza mechi makusudi ili tupate zamu ya kwanza kunalipa?

Kwa kanuni zilizoanza 2019, zamu za juu zikipangwa kwa bahati nasibu, timu tatu mbovu kuliko zote zilipewa nafasi sawa ya kupata zamu ya kwanza, asilimia 14 kila moja, na timu ya mwisho kabisa ingeweza kuteremka hadi zamu ya tano. Mwaka 2025 Utah walikuwa wa mwisho, wakaangukia zamu ya tano. Cooper Flagg, aliyechaguliwa wa kwanza, alikwenda Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8. Piga hesabu mwenyewe.

Kaka, tuna zamu ya 52. Watu wanasema hiyo ni ya kutupa tu. Kuna faida yoyote?

Ipo, ila kule chini kanuni yangu inapinduka. Hapo huchagui tena kipaji kikubwa kilichosahaulika, ingawa hutokea: Manu Ginobili alichukuliwa wa 57 mwaka 1999, na Nikola Jokic wa 41 mwaka 2014, jina lake likipita kwenye skrini wakati televisheni inaonyesha tangazo la chakula. Usipange mpango wako kwa kumtegemea Jokic. Tafuta mtu mwenye jambo moja analolifanya vizuri leo dhidi ya watu wazima, awe analinda nafasi tatu au anafunga kutoka pembeni bila kuhitaji kudunda mpira. Hapo hitaji la kikosi ndilo liamue, na umri usikutishe. Mwenye miaka 22 aliyemaliza chuo ni bora kwako kuliko wa miaka 19 utakayemlea kwa ajili ya timu nyingine.

Kabla ya usiku wenyewe zungumza na wakala wake. Mikataba ya raundi ya pili haina uhakika ule wa raundi ya kwanza, kwa hiyo ujue mapema kama kijana atakubali kubaki Ulaya mwaka mmoja, kama alivyofanya Jokic huko Serbia, au kupanda na kushuka kati ya ligi kuu na ligi ya maendeleo. Asipokubali, mwachie mwingine. Na yeye naye asihuzunike: Fred VanVleet hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2016, akaenda Toronto, na mwaka 2019 akawa bingwa nao.