Makarani wa Tanga: majibu kwa barua zenu

Naandika juu ya makarani Waafrika wa serikali ya Tanganyika zama za Waingereza. Nianze na Martin Kayamba?

Barua hii hunijia kila mara. Usianze naye. Kayamba alisoma Kiungani, shule ya misheni Unguja, akaanzisha chama cha watumishi Waafrika Tanga mwaka 1922, akaitwa London 1931, maisha yake yakachapishwa kitabuni 1936. Karani gani mwingine alikuwa na bahati hiyo? Wasifu wa kundi, yaani kuchunguza maisha ya watu wengi kwa pamoja, huanza kwa kuweka mpaka: tuseme kila karani wa boma la Tanga, 1920 hadi 1930. Kisha kila mmoja muulize yaleyale: kwao wapi, kasoma wapi, dini gani, kaoa kwa nani, kahamishiwa wapi. Kayamba atakuwa mstari mmoja kati ya mistari mingi, na hapo ndipo utajua alikuwa tofauti kiasi gani.

Wengi hawana habari kamili. Niwaondoe?

Hapana. Andika "haijulikani". Ukiwaondoa, utabaki na waliopandishwa vyeo na walioshtakiwa, kisha utuambie hao ndio makarani.

Jina moja limeandikwa namna tatu. Ni watu watatu?

Huenda ni mmoja. Kitabu cha 1936 kinamwita Kayamba Mdumi. Ukitafuta Kayamba pekee, unaweza kumpita. Lakini akina Juma bin Ali ni wengi mno. Usiwaunganishe kwa jina tu, tafuta mambo mengine mawili yanayolingana.

Mafaili hayasemi waliishi vipi baada ya kazi.

Yaseme kwa nini? Bwana mkubwa alitaka kujua mshahara, likizo na uhamisho. Toka ofisini. Fungua vitabu vya ndoa na ubatizo parokiani, mirathi kwa kadhi, barua na tanzia katika *Mambo Leo*, lililoanza 1923. Mbondei aliyehamishiwa Mwanza, nani alikuwa shahidi wa harusi yake: mwenzake wa shule, wa ofisi, au wa kwao? Ukiyakusanya majibu ya watu thelathini, urafiki unaanza kuonekana. Tazama pia beni, ngoma ya mashindano iliyokuwa na vyama viwili: Marini walijiona mabwana, Arinoti wakawa watu wa chini. Karani na tarishi walikuwa na mwajiri mmoja. Ngoma je, walicheza moja?

Na wake zao? Faili likiwataja, mara nyingi ni "mke" tu. Waulize wajukuu. Ukikuta babu alifungwa kwa wizi wa stempu, waambie wao kabla ya kutuandikia sisi.

Wiki tatu zinatosha?

Kwa makarani kumi wa ofisi moja, labda.