Re: Dogo akisoma dini chuo ndo atatoka mchungaji?

Hapana mkuu, unayowaza ni teolojia, ile ya kuandaa wachungaji, kama chuo cha Makumira cha Walutheri. Dini ya vyuo vya serikali kama Makerere au Nairobi ni kitu kingine, unasoma Ukristo, Uislamu na dini za jadi kama mtu anavyosoma historia, hakuna wa kukuuliza unasali wapi. Mi nimepita huko, semina ya kwanza kushoto sista, kulia ustadhi na kanzu yake, tunabishana mizimu ni dini au mila tu, mwalimu anatucheka katuambia kamsomeni kwanza John Mbiti, yule kasisi Mkenya wa Anglikana aliyefundisha Makerere miaka ya 60. Ila ajira sasa, wengi tumeishia ualimu, kwa hiyo dogo achanganye na somo lingine, Kiswahili au historia, dini tupu atasota.