Kesi ya Google na Oracle haitakuokoa, mkuu: yaliyonikuta nilipoacha kazi

Mkuu uliyeuliza kuhusu barua ya wakili, nimesoma hoja yako mara mbili. Umeacha kazi kwenye kampuni ya programu, umetengeneza mfumo wako wa maduka ya dawa, na sasa mwajiri wa zamani anadai umechukua msimbo wake, yaani maandishi ya programu yake. Unataka kumjibu kwamba Google iliishinda kampuni ya Oracle mahakamani, kwa hiyo na wewe uko salama. Nakusihi usitume jibu hilo. Barua ya namna hiyo niliwahi kuletewa, na mimi pia nilikimbilia kesi hiyohiyo.

Google ilipojenga Android, mfumo wa simu, ilichukua kutoka Java, lugha ya kuandikia programu, mistari kama 11,500, ile inayotaja majina ya amri na mpangilio wake, ili mafundi waliozoea Java wasianze kujifunza upya. Mistari inayofanya kazi yenyewe iliiandika upya. Oracle iliinunua kampuni ya Sun, wenye Java, mwaka 2010 na kushtaki mwaka huohuo. Shauri likapanda na kushuka hadi tarehe 5 Aprili 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba yalikuwa matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa lakini bila kuvunja sheria. Majaji hawakusema mistari ile haina hakimiliki. Walisema, tuchukulie inayo, kisha wakapima kusudi la matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi, na athari kwa soko la mwenyewe. Kiasi kilikuwa asilimia 0.4 ya mistari milioni 2.86.

Ila wanaoinukuu kesi hii wanaruka mistari 9. Kulikuwa na kijisehemu kinaitwa rangeCheck, kilichoandikwa na Joshua Bloch akiwa Sun. Baadaye akahamia Google, na mistari ileile ikaonekana ndani ya Android. Mwaka 2012 jopo la raia waamuzi lilisema hapo hakimiliki imevunjwa. Mistari 9 tu, kwenye mfumo mkubwa namna ile! Suala lako linafanana na hilo la rangeCheck zaidi kuliko lile la mistari 11,500.

Mimi nilikamatwa na maoni, yale maneno ambayo fundi hujiandikia ndani ya msimbo na kompyuta huyaruka. Tulikaa ofisini kwa wakili wa mwajiri wangu wa zamani, msimbo wao na wangu umewekwa sambamba mezani. Majina ya safu za jedwali yalifanana karibu yote: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda. Wakili wangu akasema duka lolote la dawa litahitaji hayo, na upande wa pili hawakubishana sana. Kisha wakageuza ukurasa. Kwenye faili la kukokotoa salio, katikati ya msimbo, kulikuwa na maneno "rekebisha kabla Ijumaa bosi hajarudi". Kwao yapo, kwangu yapo. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, lakini kwa mshahara wao na kwenye kompyuta yao. Sikuwa na la kusema. Nililiandika upya faili lile kuanzia mstari wa kwanza, nikalipa fidia tuliyokubaliana, na mteja wangu mmoja akaondoka.

Jambo jingine: huo mlango mpana wa matumizi ya haki wa Wamarekani huku kwetu haupo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataja shughuli zenyewe, kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio. Ya Tanzania ya 1999 nayo inaorodhesha matumizi yanayoruhusiwa. Kuuza mfumo madukani utauweka wapi humo? Tegemeo lako lenye nguvu ni kwamba wazo halina mwenyewe. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa wa haki za ubunifu kwenye biashara, unasema ulinzi ni wa namna jambo lilivyoandikwa, si wazo wala mbinu. Kanuni ya kukokotoa salio ni ya kila mtu, lakini maandishi yake ni ya aliyeyaandika au aliyemlipa.

Kwa hiyo usifute kitu chochote, hata ukiona aibu. Historia yako ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ndiyo shahidi wako, na ukiifuta sasa itaonekana umeficha. Tafuta mkataba wa ajira, soma kipengele cha nani anamiliki ulichoandika, hata cha usiku nyumbani. Kisha mpe wakili awaandikie swali moja: mnalalamikia faili gani, mistari ipi?

Wakijibu, rudi hapa utuambie ni mingapi.