Bado natengeneza gemu za NES: jibu refu kwa aliyeuliza sababu, na aanzie wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, mtu mwenye akili zake anapata nini kwa kuandika gemu mpya ya konsoli ambayo kiwanda kiliacha kuiunda zamani. La pili, wewe ukitaka kuingia kwenye wazimu huu uanze na mashine gani. La pili nalijibu kwanza kwa sababu ni fupi, mwenye haraka asome hapo aende zake.

Anza na NES au Game Boy, konsoli mbili za zamani za Nintendo, ya kwanza ya kuchomeka kwenye TV na ya pili ya mkononi. Kama hutaki kabisa kuandika msimbo, chukua Game Boy na programu ya GB Studio iliyotoka 2019. Unapanga vyumba, wahusika na mazungumzo kwa kipanya, na mwisho inakutolea faili inayokubali kwenye Game Boy yenyewe. Atakayekucheka kwa kuitumia mwache acheke, wewe utakuwa na gemu na yeye atakuwa na maoni.

Ila usianze na Atari 2600 eti kwa sababu ni ndogo. Udogo wenyewe ndio mtego. Ile mashine ya 1977 ina baiti 128 za kumbukumbu. Sijasahau neno kilo hapo, ni baiti 128, na aya hii peke yake isingeenea humo. Halafu haina mahali pa kuhifadhi picha ya skrini, kwa hiyo programu yako ndiyo inayochora kila mstari huku mwali wa TV ukipita, na kwa kila mstari una mizunguko 76 tu ya prosesa, yaani mapigo yake ya kazi. Ukichelewa kidogo, picha inayumba. Wanaoiweza nawaheshimu sana. Mimi nilidumu nayo wikendi mbili.

Sasa swali la kwanza, ambalo ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Mimi ni mtu wa NES, yaani ile iliyouzwa Japani kama Famicom kuanzia Julai 1983. Prosesa yake ni ya ukoo wa 6502 na inakwenda megaherzi 1.79, au 1.66 kwenye zile za PAL, mfumo wa TV wa Ulaya. Kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 2. Kaseti ya aina rahisi kabisa inabeba kilobaiti 32 za programu na 8 za michoro, basi. Nakutajia namba hizi kwa sababu baada ya miezi michache utakuwa unazijua kama namba yako ya simu, na hapo ndipo utamu ulipo. Kompyuta unayosomea ujumbe huu hakuna binadamu mmoja anayeijua yote, hata walioiunda wamegawana vipande. NES unaweza kuijua mpaka pembe ya mwisho. Kila anwani ya kumbukumbu unajua inakaa nini, na uliyeiweka ni wewe. Kitu kikiharibika hakuna maktaba ya msimbo wa watu ya kulaumu wala sasisho la jana usiku. Aliyekosea ni wewe, na kosa liko ndani ya zile kilobaiti 32. Mimi kazini kwangu nashinda na mifumo ambayo kila safu imekalia safu nyingine nisiyoiona. Nikirudi kwenye NES najisikia kama fundi baiskeli.

Wanaosikia habari hizi kwa mara ya kwanza hudhani mipaka ya mashine ni adhabu. Mimi naona inakuamulia mambo mengi mapema, mpaka unashangaa kumbe gemu imejichora yenyewe. Chukua rangi. Mandhari imejengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, lakini rangi zinagawiwa kwa viwanja vya 16 kwa 16: kila kiwanja kinachagua paleti moja kati ya nne, na kila paleti ina rangi tatu juu ya ile ya nyuma inayoshirikiwa na zote. Ukitaka ua jekundu la paleti moja lipakane na jani la kijani la paleti nyingine, sharti mpaka wao uangukie kwenye mstari wa viwanja. Nilipigana na jambo hili mwezi mzima kabla sijaelewa kwamba dunia ya gemu yangu inatakiwa ijengwe kwa matofali ya 16 kwa 16 tangu kwenye karatasi. Nilipokubali, kuchora pango kukawa kazi ya jioni moja. Ukiziangalia gemu za zamani kwa jicho hilo utagundua kwa nini nyingi zao zimejaa matofali, masanduku na mabomba.

Gemu yangu ya kwanza kukamilika ni ya kimulimuli anayekusanya mwanga ndani ya mapango, huku popo wakimwinda. Mapango 24, kila pango skrini moja. Popo ndio walionifundisha habari ya spraiti, vile vipande vya picha vinavyotembea juu ya mandhari. NES inaweza kushika spraiti 64 kwa jumla, lakini kwenye mstari mmoja wa skrini inaonyesha 8 tu. Ya tisa haionekani. Popo wangu mmoja alikuwa na upana wa spraiti tatu, kwa hiyo popo watatu wakiruka kwa usawa mmoja, bawa la wa tatu linatoweka. Dawa yake ni ya kale: kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, unabadilisha mpangilio wa spraiti kwenye orodha, ili anayekosa nafasi safari hii apate safari ijayo. Matokeo yake ni kule kumeta tulikokuwa tukikuona utotoni na kudhani kaseti imeingia vumbi. Kumbe yule mwandishi alikuwa anagawa nafasi kwa zamu, mara 60 kwa sekunde. Siku nilipoandika mistari ile na popo wangu wakaanza kumeta vilevile, nilicheka peke yangu chumbani.

Jambo jingine litakaloingia damuni ni muda. Chipu ya picha haikubali uguse kumbukumbu yake wakati inachora. Unasubiri imalize skrini, mwali urudi juu, na hapo mlango unafunguka kwa mizunguko kama 2,270 kati ya takriban 29,780 za fremu nzima. Kupeleka spraiti peke yake kunakula 513. Kinachobaki ndicho cha kubadilishia namba ya alama, kufuta kigae kilicholiwa na mengineyo. Pango zima lina vigae 960 pamoja na baiti 64 za rangi, na kwa kitanzi cha kawaida (maagizo yanayojirudia) havipiti mlangoni kwa mara moja. Kwa hiyo unazima picha, unapakia pango jipya taratibu, unawasha. Ule weusi wa kupepesa jicho unapohama chumba kwenye gemu za zamani ndio huo.

Sasa nikupe aibu yangu, maana naona ndiyo itakayokusaidia kuliko haya yote. Yule kimulimuli nilimtengeneza miezi mitatu kwenye emuleta tu, programu ya kompyuta inayojifanya konsoli. Kila kitu kilikuwa safi. Nikajaza faili kwenye kaseti ile inayopokea kadi ya memori, nikachomeka konsoli yenyewe kwenye TV ya chogo, nikawaita watu wa nyumbani waje kushuhudia. Jina la gemu likatokea vizuri. Nikabonyeza Start. Kimulimuli akazaliwa ndani ya ukuta. Alama zilikuwa zimeshafika maelfu kabla hajagusa kitu, na mahali pa tarakimu moja palikaa kipande cha bawa la popo. Nikabonyeza Reset, sasa akazaliwa mahali pengine. Nikazima, nikasubiri, nikawasha tena: kituko kipya. Watu wa nyumbani wakasema gemu ni nzuri, wakaondoka mmoja mmoja.

Nilihangaika siku nne. Nilishuku kaseti, nikashuku waya wa umeme, nikasafisha meno ya konsoli kwa pamba na spiriti. Ugonjwa haukuwa huko. Emuleta yangu, kwa jinsi nilivyoiacha, ilikuwa inaanza na kumbukumbu iliyojaa sifuri. Konsoli ya kweli ikiwashwa, kumbukumbu ina takataka yoyote ile, na ukibonyeza Reset hata takataka ya mchezo uliopita inabaki palepale. Kulikuwa na vigeu (nafasi za kuwekea namba) kama sita ambavyo sikuwahi kuvipa thamani ya kuanzia, kwa sababu siku zote nilivikuta na sifuri nikaona ndiyo asili yao. Tiba ilikuwa kitanzi kifupi mwanzoni mwa programu, maagizo kama kumi, kinachopita kwenye zile kilobaiti 2 na kuandika sifuri kila mahali. Siku nne kwa maagizo kumi!

Tangu hapo nina kanuni mbili. Emuleta natumia Mesen, na nimeiweka ianze na kumbukumbu ya kubahatisha kila ninapoiwasha, ili kosa kama lile linikamate siku ileile. Na kila wikendi gemu inapanda kwenye konsoli yenyewe hata kama haijafikia popote. Emuleta nzuri za siku hizi ni sahihi mno, siwasemi vibaya walioziandika, lakini usahihi wao unategemea ulivyoziweka. Konsoli haina menyu ya mipangilio.

Kuna na kosa la maisha 255, hilo karibu kila mmoja wetu amelifanya. Namba ya baiti moja inaishia 255, na ukiwa kwenye sifuri ukatoa moja hupati hasi, unazunguka hadi 255. Mimi nilitoa uhai kwanza, kisha ndiyo nikauliza kama umebaki sifuri. Mpwa wangu aligundua kwamba akifa kwa namna fulani mara mbili kwa haraka anapata maisha yasiyoisha, akanyamaza wiki mbili. Nilijua nilipoona amefika pango la 24 na yeye hana subira ya hata pango la tano.

Kuhusu lugha ya kuandikia programu, hapa watu hugombana. Ushauri wangu: anza na C kwa cc65, kompaila inayoigeuza C kuwa maagizo ya mashine, pamoja na maktaba ya neslib, ufanye kitu kitembee, kisha fungua Asembli iliyozalishwa, yaani maagizo ya prosesa yenyewe, na uisome. Utaona jinsi C inavyozunguka mbuyu kwa jambo dogo, na hamu ya kuandika Asembli itakuja yenyewe. Asembli ya 6502 si mlima, ina maagizo 56 na rejista tatu (vijisanduku vya ndani ya prosesa) za kufanyia kazi. Kinachowachosha wageni ni kwamba haina kuzidisha wala kugawanya. Unajifunza kuhamisha biti, au unaweka jedwali la majibu kwenye kaseti, na baada ya muda unaanza kuchagua namba ambazo ni vipeo vya mbili hata kwenye mambo yasiyohusu kompyuta. Mke wangu alishaniuliza kwa nini rafu niliyotengeneza ina sentimita 64.

Muziki sina la maana la kukuambia, sikio langu ni la mbao. Una sauti mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu ambayo wengi huifanya besi, moja ya kelele kwa ngoma, na moja ya kucheza vipande vilivyorekodiwa. Tumia FamiStudio, programu ya kutungia muziki wa NES. Ila ujue kwamba kwenye NES za NTSC, mfumo wa TV wa Marekani na Japani, ile ya vipande vilivyorekodiwa inaweza kuvuruga usomaji wa pedi, mchezaji akaruka bila kubonyeza kitu. Soma pedi mara mbili ulinganishe majibu.

Uliuliza pia pembeni kama jambo hili ni halali. Gemu uliyoiandika na kuichora mwenyewe ni mali yako. Kunakili kaseti za watu na kuzigawa ni jambo jingine, usichanganye. Mambo ya kufuli za konsoli yalishafika mahakamani Marekani: 1992, kwenye kesi ya Sega na Accolade, mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kuchunguza msimbo ili kujua gemu yako ifanyeje kazi kwenye mashine ile, pale ambapo hakuna njia nyingine, ni matumizi ya haki, yaani hayavunji hakimiliki. Game Boy nayo ina kituko chake: ikiwashwa inalinganisha nembo ya Nintendo iliyomo kwenye kaseti, baiti 48, na ikikuta tofauti inagoma. Kwa hiyo hata gemu uliyoitengeneza chumbani kwako inabeba nembo ile.

Kabla hujaanza, tafuta Micro Mages ya Morphcat Games, ya 2019. Hadi watu wanne wanacheza kwa pamoja, ina mabosi na minara ya kupanda, na yote imekaa kwenye kilobaiti 40, programu na michoro. Picha moja ya simu yako inaizidi kwa mbali. Icheze kwanza kwa raha, halafu icheze tena ukihesabu vigae, uone walivyogeuza mchoro mmoja kushoto na kulia ili usihesabiwe mara mbili.

Lengo la wiki yako ya kwanza liwe kisanduku kimoja kinachotembea kwa pedi na kugonga ukuta. Usiweke hadithi wala adui. Kikishatembea, leta msimbo hapa nitauangalia, na kitu cha kwanza nitakachotafuta ni kile kitanzi cha maagizo kumi.