Vali ya Mama ilipita pajani: ulizeni habari za njia mapema

Mamangu alipoambiwa kwamba vali yake ya moyo, yaani kile kimlango cha kupitisha damu, itabadilishwa bila kupasuliwa kifua, alikataa. Hakuwa anaogopa kufa. Ana miaka 81 na hilo ameshalizungumza na Mola wake. Kilichomkataza ni neno moja. Mkalimani wa simu alisema wataingiza "mpira", na kwetu Mombasa mpira wa hospitali ni ule wa mkojo. Jirani yetu aliuvaa kwa miezi, Mama akimtazama. "Mwanangu, mimi sivishwi mpira uzeeni," akaniambia, na daktari akaandika kwamba mgonjwa hataki. Tulipoteza wiki tano, na wiki zote hizo Mama hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwangu hapa Uingereza bila kusimama mara tatu kutafuta pumzi.

Ndiyo maana naandika. Familia zikisikia habari ya kuwekewa vali kwa kateta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), tiba inayoitwa TAVI, huuliza kwanza kuhusu vali yenyewe. Nasi tuliuliza kama ni ya nguruwe, tukajibiwa kwamba zipo za nguruwe na zipo za ng'ombe. Ya Mama imeshonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, roho zikatulia. Lakini vali haifiki moyoni kwa kuruka. Inaingilia kinenani, inapanda na ateri ya paja, mshipa unaopeleka damu mguuni, mpaka aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ndipo inafika. Njia hiyo hatukuuliza chochote, na kwa mwanamke mwembamba kama Mama ingekuwa ndilo swali la kwanza. Wanawake kwa kawaida wana ateri nyembamba kuliko wanaume, na mshipa kuumia au kuvuja damu huwapata zaidi.

Tuliporudi mara ya pili niliomba nimfasirie Mama mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichukua kisu cha jikoni kilichokuja na ala yake, nikakiweka mezani. Nikamwambia: Mama, kwanza wanaweka ala ndani ya mshipa. Ala inakaa pale pale, na kisu kinaingia na kutoka ndani yake bila kukwaruza ukuta wa mshipa. Kazi ikiisha ala inatolewa, hutoki hospitali nayo. Waingereza nao hukiita kifaa hicho kwa neno lile lile la ala ya kisu, kwa hiyo sikuwa nimebuni kitu. Akauliza, "Na hiyo vali, itapenya kwenye kijiala hicho?" Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandaa mimi.

Kesho yake daktari alimjibu kwa kumwonyesha. Ala yake ilikuwa ya aina inayotanuka. Ukuta wake umekunjwa. Vali iliyobanwa juu ya puto ikipita, mkunjo hufunguka pale ilipo vali tu, na ikishapita ala hujirudi karibu na wembamba wake wa kwanza. Mama akaitazama, akasema, "Kama chatu aliyemeza mbuzi." Nilipomfasiria daktari, akasema ndivyo hasa.

Kuna namba mtazisikia, na ni vizuri kuzielewa. Mirija hii hupimwa kwa kipimo cha Charrière, fundi wa vyombo vya tiba wa Paris wa karne ya 19, ambapo kila namba 3 ni milimita 1 ya kipenyo. Alain Cribier alimwekea mtu vali ya kwanza ya namna hii mwaka 2002, huko Rouen, Ufaransa. Katika miaka iliyofuata, ala za pajani zilikuwa za namba 22 na 24, yaani tundu la ndani tu lilizidi milimita 7. Ya Mama ilikuwa namba 14. Mshipa wake ulipimwa kwa CT skani: milimita 6.1 kulia, 5.6 kushoto. Kwa ala za zamani asingepitika. Wangetafuta njia ya bega, au ya shingo, au wangemfungua kifua.

Hata hivyo msiridhike na namba. Ile 14 ni ya ndani, kabla ala haijatanuka. Kwa nje inafika kama milimita 6, na vali ikipita inaongezeka tena. Mshipa laini huvumilia kunyooshwa kidogo kwa dakika chache. Mshipa ulioshikwa na chokaa mzunguko mzima hauvumilii, unaweza kuchanika hata kama kipimo kinaonekana cha kutosha. Kwa hiyo ulizeni chokaa iko wapi, na mshipa una kona kiasi gani. Ulizeni watapita mguu gani na kwa nini, tundu litafungwaje, na kama paja likishindikana wameandaa njia gani ya pili. Mimi swali hilo la mwisho ndilo lililonipa usingizi, kwa sababu jibu lilikuwa tayari kwenye faili.

Kazi yenyewe haikufika saa mbili, kwa ganzi ya kinena na dawa ya kumtuliza. Tundu lilifungwa kwa nyuzi walizotangulia kuzitega kabla ya kuingiza ala.

Kosa langu lilikuja jioni. Nilimweleza Mama kila kitu isipokuwa kwamba atasali amelala. Adhana ya Magharibi ikalia kwenye simu yake, akakunja mguu ili akae. Shuka likalowa damu. Muuguzi akaja mbio, akakandamiza kwa mkono wake, nami nikitazama saa: dakika 20. Damu ilikatika. Tafadhali, mzungumze na mzee wenu siku moja kabla: mguu unabaki umenyooka mpaka aruhusiwe, sala ni kwa ishara, akitaka kukohoa au kupiga chafya abonyeze kinena kwa kiganja. Na asione haya kusema kwamba huko chini pamelowa.

Nyumbani nilificha mbuzi ya nazi. Kukaa chini vile, magoti juu, ndiko kukunja kinena kwenyewe. Nikawa namkagua asubuhi na jioni. Alama ya bluu inayofifia haikunitisha. Uvimbe unaokua, mguu kuwa wa baridi au kufa ganzi, maumivu ya kiuno au mgongo pamoja na kizunguzungu, hayo ni ya kupiga simu ya dharura saa hiyo hiyo. Damu ikichuruzika, mlazeni, mkandamize kwa nguvu, ndipo mpige.

Kadi ya vali tumeiweka pamoja na pasipoti yake, maana daktari wa meno wa Mombasa lazima aione kabla hajamng'oa jino. Mbuzi nimemrudishia wiki ya nne, baada ya daktari kuubonyeza mshipa na kusema umepona.