Bibi Shamba Anajibu: Mahindi yetu ya asili yanageuka njano

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Chamwino, Dodoma. Tunatunza mbegu za asili: mtama wa lugugu, uwele, kunde na mahindi meupe ya bibi zetu. Zote ziko ghalani kwa mwenyekiti. Sasa mahindi yanatoa punje za njano katikati ya nyeupe, na wenzangu wanasema mbegu imekufa, tununue chotara. Tufanyeje? Na tunaruhusiwa kuuza mbegu zetu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbegu haijafa, msiiache! Chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo, na njano ikiingia huonekana kwenye punje msimu uleule. Bila shaka jirani amepanda mahindi ya njano. Afadhali hiyo rangi, imewashtua mapema. Chavua ya chotara nyeupe ingeingia msiione. Mtama na kunde kwa kiasi kikubwa hujichavusha, ndiyo maana lugugu imetulia. Uwele ulindeni kama mahindi.

Wataalamu hushauri mita 200 kati ya mashamba, au kupishana kupanda wiki 3 hadi 4. Hilo la pili silipendi kwa Dodoma. Mvua zenyewe ni za msimu mmoja, anayechelewa hivyo atavuna mabua. Teueni shamba la mwanachama lililo mbali na wengine, mkaongee na majirani kabla ya kupanda. Wakati wa kuchagua mbegu, ingieni katikati ya shamba mahindi yakiwa bado yamesimama. Ghalani hamtajua mmea upi ulistahimili jua. Chagueni kutoka mimea 100 hivi, kwa sababu mbegu ya mimea michache hudhoofika kizazi hadi kizazi. Hindi lenye punje ya njano liende jikoni.

Kabla ya kuhifadhi, tieni punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, mtikise. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje bado zina unyevu, zirudisheni juani.

Kinachonitia hofu hasa ni hilo ghala moja. Moto au dumuzi akiingia, kazi ya bibi zenu imekwisha. Gawanyeni kwenye nyumba tatu, na anayeazima kilo 1 arudishe 2 baada ya mavuno, iandikwe daftarini. Sampuli pelekeni benki ya taifa ya nasaba za mimea, inayohifadhi mbegu, Arusha. Ethiopia, baada ya njaa ya 1984, mtaalamu wa nasaba za mimea Dkt. Melaku Worede na wenzake waliwarudishia wakulima mbegu zao za zamani kwa sababu zilikuwa zimehifadhiwa pia kwenye benki kama hiyo Addis Ababa.

Kuuza ni habari nyingine. Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka mbegu za sokoni zithibitishwe, na wasimamizi ni TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Msifungashe hata kilo moja kabla ya kuonana nao. Anzeni kwa ofisa kilimo wa kata yenu.