Usiache kazi bado, omba Jumamosi kwa fundi

Mdogo wangu, unasema una diploma ya uhasibu, unashinda stoo ya watu ukihesabu mizigo, ila roho iko kwenye ushonaji. Barua ya kuacha kazi iweke kwanza. Tafuta fundi anayepokea wanafunzi, umwombe Jumamosi zako: ufumue mishono, uweke vifungo, upige pasi, umwone mteja anavyofoka gauni likimbana kwapani na harusi ni kesho. Ukiona bado una hamu ya kurudi, hapo tuongee. Cheti kisikutishe, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani. Na uhasibu usiudharau. Mafundi wengi hodari hawajui gauni moja limewagharimu shilingi ngapi. Cherehani chukua ya kukanyaga, hata ya mtumba. Umeme ukikatika unaendelea na kazi.